Wanafunzi wa Biashara Kutoka Ng'ambo: Wiki Mbili Zinatosha Nini?



Huenda kikundi chenu, SACCOS yenu au hospitali mnayoisimamia imewahi kupokea barua ya namna hii: chuo kikuu cha Marekani au cha Ulaya kinaomba wanafunzi wake watano waje kukaa nanyi wiki mbili au tatu, wajifunze jinsi mnavyoendesha shughuli zenu, na kisha wawashauri juu ya tatizo moja la kibiashara. Barua ina nembo ya chuo, na inaeleza kwamba ushauri huo ni wa bure. Kamati inakaa na maswali yanaanza. Hawa ni akina nani? Ni wafadhili au ni watafiti? Nani atawalisha? Na mbona wanataka kuona vitabu vyetu vya fedha?

Tumeona ni vema kulieleza jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa mara nyingi vikundi hukubali au hukataa bila kujua hasa kinachoombwa, na kote kuwili kuna hasara.

Ni wanafunzi wa namna gani

Kwanza, tusiwachanganye na vijana wa kujitolea wanaomaliza sekondari na kuja kupaka rangi madarasa. Hawa wanasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, maarufu kama MBA. Wengi wana umri wa miaka 26 hadi 32 na wamekwisha kufanya kazi miaka kadhaa kabla ya kurudi darasani: benki, kampuni za kompyuta, viwanda, wengine jeshini. Nchini Marekani kozi huchukua miaka miwili, na katika shule nyingi za Ulaya ni mwaka mmoja. Ni elimu ghali. Katika shule kubwa za Marekani ada ya mwaka mmoja peke yake sasa inapita dola 70,000, bila kuhesabu chakula na malazi, na wengi huilipa kwa mkopo. Kwa hiyo mtu anayekuja kukaa kwenye benchi la ofisi yenu ni mtu mzima mwenye ujuzi fulani, mwenye deni, na mwenye haraka.

Pili, safari yake ni sehemu ya masomo. Inatolewa alama kama kozi nyingine yoyote, naye ataandika ripoti na mhadhiri atasahihisha. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, na tutalirudia mbele.

Safari hizi zilianzaje

Shule ya kwanza ya biashara ndani ya chuo kikuu cha Marekani, Wharton ya Pennsylvania, ilianzishwa mwaka 1881. Harvard ilianza kutoa shahada ya MBA mwaka 1908. Kwa muda mrefu mwanafunzi alijifunza akiwa amekaa. Harvard ilisifika kwa njia ya kujadili visa: darasa linapewa kurasa kadhaa kuhusu kampuni iliyo njia panda, halafu kila mmoja anaeleza angeamua nini kama angekuwa meneja. Ni njia nzuri ya kunoa akili. Lakini kisa kilichochapwa kimekwisha kuchujwa na mwandishi wake. Hakina vumbi, hakina umeme unaokatika, wala hakina mzee anayekataa kujibu swali kwa sababu aliyeuliza hakumwamkia.

Mabadiliko yalikuja miaka ya 1990, baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka mwaka 1989 na masoko ya China na India kufunguka. Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kilianza kutuma makundi ya wanafunzi kufanya kazi na kampuni za nje mapema miaka hiyo. Chuo Kikuu cha Michigan kilianza mwaka 1992 mradi wa wiki saba ambao kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa MBA lazima aufanye katika kampuni au shirika, ndani au nje ya Marekani. Taasisi ya MIT ilifuata mwaka 2000 na mpango wa makundi ya wanafunzi wanne wanne, ambao hukaa na mwenyeji wao majuma matatu mwezi Januari. Stanford iliufanya uzoefu wa nchi za nje kuwa sharti la kuhitimu katika mtaala wake wa mwaka 2007. Harvard nayo ikaunda kozi mpya mwaka 2011, na Januari 2012 ikawatuma wanafunzi wake wote wa mwaka wa kwanza, takriban 900, kwenda kwenye kampuni za nchi ambazo uchumi wake unakua kwa kasi. Hebu fikiri kazi ya kutafuta wenyeji kwa watu 900 kwa mkupuo mmoja!

Sababu zilikuwa nyingi. Waajiri walitaka mameneja wanaoweza kufanya kazi popote. Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulifanya watu waulize kama shule hizi zilifundisha kitu kingine zaidi ya kupiga hesabu. Shule zenyewe zinashindana, na baadhi ya vyombo vya Ulaya vinavyozipa ithibati hupima pia zilivyo za kimataifa. Tena, mwaka 2004 Profesa C. K. Prahalad wa Michigan alitoa kitabu kilichodai kwamba kampuni kubwa zinaweza kupata faida na wakati huohuo kupunguza umaskini kwa kuwauzia bidhaa watu wenye kipato cha chini kabisa. Kitabu hicho kiliwasha moto. Wanafunzi wengi wakataka kwenda kuwaona hao wateja. Profesa mwenzake wa chuo hichohicho, Aneel Karnani, alijibu mwaka 2007 kwamba soko hilo limetiwa chumvi, na kwamba maskini atasaidiwa zaidi akitazamwa kama mzalishaji anayehitaji bei nzuri na ajira. Wanaofanya kazi na wakulima watajua ni yupi kati ya wawili hao aliye karibu zaidi na maisha ya kijijini.

Safari fupi zimekuwa za kawaida hata nje ya masomo ya biashara. Katika mwaka wa masomo 2018/19 wanafunzi zaidi ya 347,000 wa vyuo vya Marekani walisoma nje ya nchi, na zaidi ya nusu yao walikwenda kwa majira ya kiangazi au kwa wiki nane au pungufu. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga mipaka mwaka 2020 idadi ilianguka, na mwaka 2020/21 walikuwa kama 14,500 tu. Miaka iliyofuata imepanda tena kwa kasi, na barua nazo zimerudi.

Si safari zote ni sawa

Barua ikifika, msome kwa makini ni aina gani ya safari inayoombwa, maana lugha inafanana lakini uzito wake hautoshani.

Ipo ziara ya masomo ya siku saba hadi kumi na nne. Wanafunzi ishirini au thelathini wanakuja na mhadhiri wao kwa basi, wanatembelea kiwanda asubuhi na benki mchana, na mwisho wa juma wanakwenda mbugani. Kwenu watakaa saa mbili. Hakuna ubaya, ila mjue kwamba hawatawashauri chochote, wala msiwaandalie maombi ya msaada. Chai na maelezo mazuri vinatosha. Kuna pia kozi fupi inayofundishwa kwenye chuo rafiki, ambapo wageni na wenyeji husoma darasa moja kwa wiki moja au mbili. Hiyo haivigusi sana vikundi vyetu.

Aina ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi, yaani mradi wa ushauri. Hapa wanafunzi wanne hadi sita wanapewa swali halisi la shirika halisi, nao wanalifanyia kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mradi wa ushauri ndilo jembe lenyewe.

Jambo ambalo wenyeji wengi hawaelezwi ni kwamba katika mipango iliyoandaliwa vizuri wiki za hapa ni mkia tu. Wanafunzi wa MIT, kwa mfano, huanza kuwasiliana na mwenyeji wao miezi kabla ya safari ya Januari. Wanasoma juu ya sekta, wanauliza maswali kwa barua pepe na simu, wanakubaliana na mwenyeji juu ya kazi, ndipo wanapanda ndege. Berkeley nao hutumia muhula kabla ya wiki tatu za ugenini. Kundi linalotaka kuja bila maandalizi ya namna hiyo litatumia wiki ya kwanza kujifunza mambo ambayo lingeyasoma nyumbani, na wiki ya pili kuandaa picha za kuonyesha kwa projekta. Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza chuo: mtaanza lini kufanya kazi nasi?

Wanachojifunza kwa kufika

Mtu anaweza kuuliza, si wangesoma tu vitabu? Profesa Pankaj Ghemawat aliandika mwaka 2001, na tena katika kitabu cha mwaka 2007, kwamba umbali kati ya nchi mbili hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Kuna umbali wa utamaduni, yaani lugha, dini na desturi. Kuna umbali wa utawala: sheria, forodha, fedha inayotumika, historia ya ukoloni. Kuna umbali wa kijiografia, na kuna umbali wa kiuchumi, yaani tofauti ya vipato na miundombinu. Biashara nyingi hufa ugenini kwa sababu mwenye mali alipima mmoja na kusahau mitatu.

Mfano mzuri uko hapahapa kwetu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata. Jina ni moja, huduma ni moja, na watu wa pande zote mbili wana ndugu kijijini wanaosubiri kutumiwa fedha. Hata hivyo Kenya ilishika moto mara moja, na Tanzania ilikwenda polepole miaka ya mwanzo. Mwanafunzi aliyebaki darasani anaweza kudhani Watanzania hawakuipenda. Aliyefika ataona vingine. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la Kenya, hivyo mara nyingi aliyetuma na aliyepokea walikuwa mtandao mmoja. Vodacom upande wa Tanzania ilikuwa na washindani wenye nguvu. Nchi yenyewe ni kubwa na watu wametawanyika, kwa hiyo wakala kijijini alikuwa mbali na benki ya kumpatia fedha taslimu. Kisha mambo yakageuka: mwaka 2014 kampuni za Tanzania zilianza kukubaliana wateja watumiane fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, jambo ambalo Kenya ilianza mwaka 2018. Ukikaa kwenye kibanda cha wakala kwa siku moja na daftari lake mbele yako, unaelewa haya kuliko kwa kusoma kurasa mia.

Kwa hiyo faida kwa mwanafunzi ipo, na hatuna sababu ya kuibeza. Tatizo ni kwamba faida yake haihitaji yenu. Anaweza kupata alama ya juu kabisa kwa ripoti ambayo kwenu haifai kitu.

Kalenda ya chuo na kalenda ya shamba

Safari hizi hufuata likizo za vyuo: Januari, Machi, Mei na Juni. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro huchuma kati ya Julai na Desemba. Kundi la Januari linakuta uchumaji umekwisha, na kundi la Machi linakuta masika yanaanza, barabara za milimani zinateleza, na kila mwenye shamba anawaza mahindi. Hawataona foleni ya akina mama wenye ndoo za kahawa mbivu kwenye mashine ya kumenyea, hawataona vichanja vimejaa, na hawataona mizani, ambapo ndipo ugomvi mwingi wa chama unapozaliwa. Wataonyeshwa ghala na vitabu. Vitabu vinasema kweli, lakini si kweli yote.

Ikiwa swali lenu linahusu msimu, simamieni msimu. Baadhi ya vyuo vina makundi yanayosafiri katikati ya mwaka, na wanafunzi kadhaa hutumia likizo ndefu ya Juni hadi Agosti kwa kazi za vitendo. Mkishindwa kuafikiana tarehe, badilisheni swali. Januari ni wakati mzuri wa kuchambua hesabu za msimu uliopita.

Hapa niongeze jambo dogo la historia, kwa kuwa limewahi kutokea zaidi ya mara moja kwamba mgeni akashauri wakulima waanzishe ushirika. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kuuza kahawa, KNPA, mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Shule ya biashara ya Stanford nayo ilianzishwa mwaka huohuo wa 1925. Ni umri mmoja! Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina walimu waliokula chumvi nyingi katika mambo haya, na mara nyingi wako umbali wa safari moja ya daladala. Mgeni anayekuja kushauri juu ya ushirika Kilimanjaro na asipite hapo amekosa nusu ya masomo yake.

Gharama ya kitu cha bure

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme chama cha msingi kina katibu mmoja na mhasibu mmoja, na wanafunzi watano wanakaa siku kumi za kazi. Mhasibu akitoa saa tatu kila siku kutafuta hati na kujibu maswali, ni saa 30, karibu siku nne kamili za kazi. Katibu ndiye ajuaye Kiingereza, kwa hiyo anageuka kuwa mkalimani kutwa nzima kwa siku zote kumi. Ongezeni barua pepe za miezi miwili kabla, safari za pikipiki kwenda kwa wanachama, na chakula, maana hakuna kamati ya Kiafrika itakayomwacha mgeni akae na njaa kwa sababu bajeti haikutaja ugali. Hakuna mtu aliyewatoza shilingi, lakini chama kimetumia karibu majuma matatu ya kazi ya watumishi wake.

Hiyo bado ni gharama ndogo. Kubwa inaweza kuja baada ya wageni kuondoka, ndani ya ushauri wenyewe.

Tuchukue wazo linalopendwa sana: chama kiache kuuza kahawa ghafi, kikaange chenyewe na kuuza ng'ambo kwenye pakiti nzuri. Kwenye jedwali la Excel linapendeza. Kilo ya kahawa iliyokaangwa dukani Ulaya ni ghali mara kadhaa kuliko kilo ghafi mnadani Moshi. Lakini kilo 100 za kahawa ghafi zikikaangwa hubaki kilo 80 hadi 85 hivi, kwa sababu unyevu unaondoka. Kahawa ghafi iliyohifadhiwa vizuri hukaa miezi mingi ghalani, wakati iliyokaangwa huanza kupoteza ladha baada ya wiki chache, na meli ya kutoka Dar es Salaam hadi Ulaya nayo inataka wiki zake. Kuna mashine, umeme, pakiti zenye vali, cheti cha ubora, na zaidi ya yote mnunuzi ambaye tayari ana mkaangaji wake. Si kwamba haiwezekani. Wapo wanaokaanga na kuuza kwa hoteli za watalii na maduka ya hapa nchini, na wanapata. Ila chama kilichokopa kununua mtambo kwa sababu ya ripoti ya wiki mbili kitabaki na mkopo wakati waandishi wa ripoti wamekwisha kuhitimu, na wanaolipa ni wanachama, kwa makato ya kila kilo. Mshauri wa kulipwa hubeba angalau jina lake. Mwanafunzi habebi chochote, na si kosa lake, ndivyo mpango ulivyo.

Ndiyo maana swali mnalowapa lina uzito kuliko wageni wenyewe. "Tufanye biashara gani ili tupate fedha nyingi?" ni swali la kuwapoteza. "Inatugharimu shilingi ngapi hasa kupeleka kilo moja kutoka kwa mkulima hadi mnadani?" ni swali ambalo watu watano wenye ujuzi wa hesabu wanaweza kulijibu kwa wiki mbili, na jibu lake mtalitumia miaka. Vivyo hivyo: kwa nini baadhi ya wanachama wanawauzia walanguzi, au wanauza kahawa ingali mtini kama ile butura ya Kagera, badala ya kuleta chamani? Hapo pengine tatizo ni kwamba malipo ya chama yanachelewa na ada ya shule haisubiri. Mtu wa fedha anaweza kukaa na mhasibu wenu na kupanga ni lini fedha zinaingia, lini zinatoka, na pengo liko mwezi gani. Katika hospitali za mashirika ya dini maswali mazuri yamekuwa ya namna hiyohiyo: dawa zinakwisha kwa sababu gani, mgonjwa anasubiri muda gani na wapi, bili zisizolipwa ni kiasi gani na ni za kina nani.

Mambo ya kuandikiana kabla

Ukarimu wetu hutuzuia kudai maandishi, tukiona ni kama kutomwamini mgeni. Vyuo vyenyewe vimezoea makubaliano ya maandishi na havitashangaa. Hati ya kurasa mbili inatosha. Itaje swali moja, tarehe, na jina la mhadhiri atakayejibu simu. Itaje nani analipa malazi, usafiri na mkalimani. Kuhusu mkalimani tunashauri msilegeze: alipwe na chuo, na asiwe katibu wenu. Iseme ripoti itatolewa kwa Kiswahili pia, hata kama ni kurasa tatu, na itasomwa mbele ya wanachama kabla wageni hawajaondoka. Ripoti nyingi hufia kabatini kwa sababu aliyeisoma ni mtu mmoja. Majedwali ya kompyuta yaachwe kwenu yakiwa wazi, na mhasibu afundishwe kuyajaza akiwa yeye ndiye ameshika kipanya, si akitazama begani.

Jambo la takwimu za wanachama halitaki mzaha. Majina, namba za simu, madeni na akiba za watu ni siri ya chama. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kabla ya kumpa mwanafunzi faili, ondoeni majina na mweke namba. Kama chuo kinataka baadaye kuandika kisa cha kufundishia kuhusu chama chenu, waombe ruhusa kwa maandishi, mkisome kwanza, na mpewe nakala. Wapo wenyeji ambao habari zao zinasomwa darasani nchi za mbali na wao hawajawahi kuuona ukurasa hata mmoja.

Vilevile vibali. Visa ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi, na mgeni anayekusanya takwimu kwa utafiti Tanzania anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Mstari kati ya "kujifunza" na "kutafiti" huwa mwembamba. Chuo ndicho chenye wajibu wa kuuliza Idara ya Uhamiaji mapema, lakini afisa akifika ofisini atamkuta mwenyeji, kwa hiyo ombeni nakala za vibali kabla ya siku ya kuwasili.

Njia ya kurudi

Mpaka hapa tumesema juu ya wanaokuja. Je, wetu wanakwenda? Wanakwenda, ila kwa uchache. ESAMI ya Arusha kwa miaka mingi ilitoa MBA kwa ushirikiano na Maastricht School of Management ya Uholanzi. Shule ya biashara ya Strathmore mjini Nairobi, iliyoanza mwaka 2005, ina uhusiano wa muda mrefu na IESE ya Barcelona. Wanafunzi wa jioni wa vyuo vyetu, wengi wao wakiwa mameneja wa benki na mashirika, nao wangefaidika sana kwa wiki mbili kwenye ghala la mnunuzi wa kahawa wa Hamburg au Trieste, wakaona mzigo wa Kilimanjaro unavyoonjwa, unavyochanganywa na kupangiwa bei. Mkulima anasikia kila mwaka kwamba "soko la dunia limeshuka". Ingefaa awepo wa kwake aliyewahi kukaa kwenye hicho chumba.

Hapa ndipo umbali wa utawala wa Profesa Ghemawat unapogeuka kuwa jambo la mfukoni. Mwanafunzi wa Boston hupata visa ya Tanzania kwa kompyuta au uwanja wa ndege. Mwanafunzi wa Mzumbe anayekwenda Barcelona kwa wiki mbili anahitaji visa ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima tangu Juni 2024 ni yuro 90, hazirudishwi akikataliwa. Anahitaji bima ya matibabu ya yuro 30,000 au zaidi, taarifa za benki, barua ya mwajiri na ya chuo, na kwenda mwenyewe kutoa alama za vidole. Kikundi kinaposaini makubaliano na chuo cha nje kinaweza kuuliza, bila aibu, kama kuna nafasi ya mtumishi wake au mwanafunzi wa chuo cha hapa kujiunga na kundi, kwanza kama mwenzao wa kazi wanapokuwa hapa, na kisha kuhudhuria uwasilishaji wa mwisho kule. Vyuo vingine vitasema bajeti hairuhusu. Vingine havijawahi kuulizwa.

Atakayepata nafasi hiyo aanze maombi mapema. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lazima liwe limewasilishwa siku 15 kabla. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe bado hai kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya.